Kasi ya Kwendea Kazini: Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Mwongozo huu haumhusu aliyekwisha kununua Noah. Huyo ameshapata nafasi yake duniani, na kazi yake ni kubeba ndugu mpaka kiama. Unamhusu mkazi wa Dar es Salaam mwenye ajira ya kueleweka na IST isiyodaiwa, ambaye bado saa sita usiku yumo kwenye tovuti za wauza magari wa Japani, simu ameiingiza ndani ya shuka ili mwanga usimwamshe mwenzake. Amechuja, amechuja tena, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni hachibeki kali, yaani gari la milango mitano la kupelekea watoto shule ambalo kiwandani walilipachika injini ya ugomvi: Golf GTI, au Suzuki Swift Sport kwa mwenye mfuko mfupi. Ya pili ni gari la spoti lenyewe, milango miwili, pua ndefu, kiti kimelala karibu na lami: Toyota 86, Mazda Roadster, na kwa walioshindikana kabisa, Nissan Fairlady Z.

Tena halitakuwa gari la Jumapili. Anataka liende kazini kila siku, Goba mpaka Posta, na jioni lirudi.

Ndugu mnunuzi, acha kwanza kuhesabu nguvu za farasi. Mjini hapa swali ni moja tu: unataka kumdanganya nani?

Historia ya GTI ni historia ya njama. Mwaka 1973 mhandisi wa majaribio wa Volkswagen, Alfons Löwenberg, aliwaandikia wenzake akipendekeza watengeneze gari la spoti kutokana na gari la kawaida la familia. Wachache waliomwelewa waliifanya kazi hiyo chinichini, wakubwa wakiwa hawana habari rasmi. Mwaka 1975 likaonyeshwa Frankfurt, 1976 likaingia sokoni, na kampuni ilikusudia kutengeneza magari 5,000 tu, basi. Toleo lile la kwanza peke yake likapita 460,000. Gari lililozaliwa kwa kificho limebaki na tabia hiyo mpaka leo. Mkeo ataona milango mitano na buti. Mama mkwe ataona kijana asiyependa makuu. Mkuu wako wa kazi ataliona likiwa limeegeshwa kando ya Prado yake na hatajisikia vibaya. Watakaokugundua ni vijana wa kuosha magari peke yao, kwa sababu wao wameinama, wameuona ule mstari mwekundu kwenye grili, wameona breki zilivyo kubwa ndani ya rimu, na kuanzia siku hiyo watakuita "mkuu".

Gari la spoti halina ufichaji huo. Roadster ilipoonyeshwa Chicago mwaka 1989 ilikuwa imefufua vile vigari vya wazi ambavyo Waingereza walivianzisha kisha wakachoka navyo, na mpaka 2016 Mazda ilikuwa imetengeneza milioni moja. Milioni moja ya watu waliokubali kuonekana. Ukilishusha gari hilo mtaani kwako umeshatoa tamko: kwamba una pesa, una nafasi, na hakuna anayekutegemea. Hata kama yote matatu si kweli, muuza nyanya wa kona ameshapandisha bei.

Kwa hiyo jichunguze. Ikiwa wa kudanganywa ni familia, mkwe na ofisi, nunua hachibeki. Ikiwa wa kudanganywa ni wewe mwenyewe, gari la spoti linatosha.

Sasa kuhusu kasi, maana najua hukunisikia. Golf GTI ya toleo la saba, lile la 2013, inatoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 6.5. Toyota 86 ya 2012, pamoja na pua yake na mbwembwe zake, inachukua kama sekunde 7.6. Soma tena. Gari la kupelekea watoto shule linaliacha gari la spoti, na jambo hili huwa halisemwi mnadani. Waliounda 86 hawakuwa wakitafuta kasi ya mstari ulionyooka. Walitaka gari jepesi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, linalocheza kwenye kona, na kwa makusudi walilivalisha tairi nyembamba, saizi 215, za aina ileile iliyofungwa kwenye Prius, ili liteleze kirahisi. Kutoka Goba mpaka Posta kona ambayo unaruhusiwa kuteleza haijajengwa bado.

Na hata hizo sekunde hutazitumia. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki mwenye tochi yuko nyuma ya mwembe. GTI inafika 50 kabla hujamaliza kusema bismillahi. Baada ya hapo umelimaliza gari lako, na ukiwa unaelekea Morogoro zimebaki kilomita kama 190 za kulitazama likihema, kibao cha 50 kinafuatwa na kibao cha 50, Chalinze haifiki. Ukijisahau, faini ni shilingi 30,000, na afande hatakuuliza kuhusu mwendo hata kidogo. Atazunguka gari, hasa likiwa Roadster.

"Hii inabeba watu wangapi?"

"Wawili, afande."

"Wawili tu? Na tairi ya akiba iko wapi?"

Hapo ndipo utakapoeleza, juani, kwamba Roadster ya toleo la sasa hutoka kiwandani bila tairi ya akiba, na badala yake ina chupa ya gundi na kipampu. Eleza taratibu. Usicheke. Stika ya usalama barabarani iwe kwenye kioo, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe pale anapoweza kuviona bila kuinama, kwa sababu akiinama mpaka kwenye gari lako atakumbuka mgongo wake, na kosa litapatikana.

Sasa tuingie kwenye milimita, na hapa naomba utulivu, maana ndiko pesa zinakopotelea. Kila mtu anakimbilia kusema gari la spoti liko chini sana. Ni kweli, 86 ina milimita 130 kutoka ardhini hadi tumboni. Swift Sport mpya, ile ya 2017, kigari kile chenye sura ya upole, ina 120. Nilishasema hachibeki ni mnafiki; usidhani wewe umesamehewa. Macho yako yanaona gari la kawaida, miguu inajiachia, na tuta la kwanza baada ya Makongo linakusalimia kwa sauti ambayo hutaisahau, ule mkwaruzo mrefu unaoanzia chini ya bampa na kwenda kuishia mahali fulani karibu na mfuko wako wa nyuma. Mwenye 86 angalau anajua yuko chini. Anatambaa tangu mbali.

Tuta la kwetu halina vipimo. Kuna lililojengwa na wakala wa barabara, lenye rangi na kibao, hilo lina adabu. Kuna lililojengwa na wananchi wenye hasira baada ya mtoto kugongwa, kwa zege lililobaki kwenye msingi wa nyumba ya mtu, na hilo lina ncha. Namna ya kulipita ni ya mshazari: punguza, kata usukani kulia, gurudumu moja lipande kwanza, lishuke, ndipo la pili. Ukifanya hivyo umeziba njia nzima. Bajaji nyuma inapiga honi, bodaboda anapita upande uliotaka kuelekea, na watoto wanaotoka shule wamesimama kuangalia kama litapita. Wana mabishano yao, usiwatazame usoni.

Tairi nalo lina hesabu yake. GTI huja na 225/40 kwenye rimu ya inchi 18, maana yake kati ya rimu na shimo kuna mpira wa milimita 90. Urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, hivi. Shimo la Tabata baada ya masika halijapimwa, ila kidole hakifiki chini. Rimu ikipinda, wapo mafundi wa kuinyoosha kwa moto na nyundo, na watakurudishia ikiwa na umbo la kuridhisha ukiitazama kwa mbali. Ukiwa na akili shuka inchi moja au mbili: rimu ndogo, tairi nene. Gari litapungua sura, marafiki watauliza umefilisika lini, lakini utafika nyumbani.

Wakazi wa Kigamboni wana mtihani wa ziada. Darajani unalipia na kupita salama, lakini siku utakayoamua kupanda pantoni, ule mlango wa chuma unaoshushwa nchi kavu una pembe, na pembe hiyo hubadilika na maji. Bampa la mbele la gari la spoti halijui habari za kupwa na kujaa. Na mvua ikinyesha mpaka Jangwani kufungwe, usisikilize mtu anayekuambia "pita tu, mbona yule kapita". Yule ana Land Cruiser. Injini yako inavuta hewa kupitia bomba lililo karibu na taa, na maji yakiingia humo hakuna cha kukausha.

Niseme machache juu ya paa, kwa ajili ya wanaoitaka Roadster. Saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa umelikunja paa na unavuka daraja la Tanzanite, bahari huku na huku, utaelewa kwa nini watu milioni moja walikubali. Ni kama kilomita moja hivi. Kisha inakuja saa saba mchana, foleni ya Mwenge. Toleo la sasa lina urefu wa milimita 1,235 kwenda juu, kwa hiyo kila daladala ni ghorofa. Abiria wa dirishani wanakutazama kutoka juu, wanaona unachokula na unamwandikia nani kwenye simu. Mchuuzi wa foleni hakuombi ufungue kioo. Anakuwekea karanga, chaja na mto wa shingo mapajani, kisha anataja bei. Konda anaweka kiwiko dirishani na kuuliza:

"Braza, paa umeuza?"

Jibu likishindikana, paa la toleo hili hufungwa kwa mkono mmoja na haraka. Lakini jua litakuwa limeshakuunguza utosi, na lori la mchanga lililo nyuma yako dereva wake haoni kitu pale ulipo isipokuwa lami. Hilo la lori si la mzaha. Kaa mbali nalo.

Ukichagua kupitia Kimara ili kukwepa yote hayo, utakaa kwenye foleni ya Morogoro Road, mguu wa kushoto unakanyaga klachi na kuachia, kanyaga na kuachia, huku basi la mwendokasi likikupita katikati ya barabara, limejaa mpaka mlangoni, na mtu aliyelipa nauli yake anakusikitikia wewe mwenye gari. Hapa otomatiki ya GTI ina faida. Gia boksi yake ya klachi mbili, ile ya gia sita, klachi zake zimezama kwenye oili, inavumilia foleni. Ila oili hiyo inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000, pamoja na chujio lake. Fundi atakayekuambia kwamba "hizi za Ulaya hazibadilishwi oili, zimefungwa moja kwa moja" mshukuru, lipa chai yake, ondoa gari.

Ukija kwa 86, ipeleke kwa fundi uliyemzoea, yule wa Toyota, kwa sababu nembo mbele ni ya Toyota na wewe umejiaminisha kwamba spea zake zinauzwa kila duka la Gerezani. Atafungua boneti. Atanyamaza.

"Bosi, plagi ziko wapi hapa?"

"Pembeni."

Atainama upande wa kulia, atazunguka upande wa kushoto, atarudi.

"Pembeni huku kwenye tairi?"

"Ndiyo huko."

"Hii si injini ya Subaru hii?"

Ndiyo. Silinda zimelala mbili huku, mbili kule, plagi zinatazama magurudumu, na gari lenyewe liliundwa kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, pacha wake akiitwa BRZ. Fundi hana kosa. Atakuomba siku mbili badala ya nusu saa, na atataka kijana mwenye mikono myembamba. Mwenye GTI ya zamani, ile ya 2005 hivi, naye asicheke: ndani ya injini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachosukuma pampu ya mafuta, kinalika polepole bila kutoa taarifa, na kikitoboka kinaitafuna kemshafti. Kikombe chenyewe ni bei ya chakula cha mchana. Swift Sport haina visa hivi vyote, na ndiyo sababu wapenda magari huizungumzia kwa dharau kidogo.

Kodi tutaipitia haraka, kwa heshima ya wagonjwa wa presha. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na ushuru wa bidhaa 5% kwa injini iliyozidi cc 1,000 lakini haizidi cc 2,000, au 10% ikizidi hapo. GTI ina cc 1,984 na 86 ina 1,998, zimejipenyeza. Fairlady Z ya lita 3.7 haijajipenyeza popote. Gari lililozidi miaka 10 linaongezewa 30% kwa uzee wake, na mengi ya magari unayoyaota yana umri huo, kwa sababu mapya huwezi kuyamudu. Fungua kikokotoo cha TRA ukiwa umekaa.

Sasa watu. Gari la viti viwili ni ngao dhidi ya jamii, na wapo wanaolinunua kwa siri hiyo. Hutapewa jukumu la kubeba keki ya kitchen party, wala viti vya kukodi, wala shangazi wa Bunju. Mwanzoni utaona raha. Kisha unatokea msiba, watu wamejaa uani, magari ya kwenda makaburini hayatoshi, na shemeji anakusogelea.

"Shem, wewe unakwenda peke yako?"

"Gari langu la watu wawili tu, shemeji."

"Basi vizuri. Mama atakaa mbele, mimi nitajibanza hapo nyuma ya kiti."

Nyuma ya kiti cha Roadster hakuna kitu. Kuna paa lililokunjwa. Buti ni lita 130, linaingia begi moja laini na kanga za kubadilisha. Mwenye 86 yuko pabaya zaidi, kwa sababu yeye ana viti vya nyuma. Vipo ili mtu aweze kusema vipo, mwenye miguu hakai, lakini shemeji ameshaviona kupitia kioo na haelewi kwa nini unaleta ubinafsi kwenye msiba. Maneno yatafika Moshi kabla yako.

Hachibeki hapo ndipo linapolipa deni lake. GTI ile ya toleo la saba ina buti la lita 380, viti vinalala, gunia la mchele linaingia pamoja na mkungu wa ndizi. Watu watano wanakaa, mama mkwe mbele. Nawe unaendesha kwa adabu, kilomita 40 kwa saa, nyuma ya msafara, huku mguu ukijua kilicho chini yake. Akikuuliza mbona gari linanguruma, mwambie ni ekzosi, fundi ataangalia wiki ijayo. Utalisema hilo kwa miaka.

Ukinibana nichague, kwa kazi ya kila siku ningechukua Swift Sport ya gia za mkono, rimu nimeshusha, na hela iliyobaki ningeiweka kando kwa ajili ya bushi na shokabzoba. Roadster ningemruhusu mtu mmoja tu: mpangaji wa Upanga, hana mke, kazini anakwenda kwa miguu.

Jiandae pia kwa mwanamke wa Kijapani. Kila asubuhi ukiwasha gari atakukumbusha, kwa sauti ya upole, kwamba hujachomeka kadi ya ETC ya kulipia barabara za huko kwao. Usihangaike kumzima. Na kwenye kifuniko cha tangi kuna karatasi ya maandishi ya Kijapani inayotaka petroli ya daraja la juu. Kijana wa sheli haisomi, nawe huisomi, mnatazamana, anaweka iliyopo.

Siku ya kuuza itafika. Hachibeki litaondoka upesi, kwa sababu mnunuzi ataliona la kawaida, atauliza "linakula mafuta?", nawe utajibu inategemea na mguu, jambo ambalo ni kweli tupu. La spoti litachukua muda. Watakuja vijana watano ndani ya bajaji moja, mmoja ndiye mnunuzi na hana leseni, wengine ni wapiga picha. Waache wapige. Funguo zibaki mfukoni mwako, boneti ifunguliwe na wewe, na atakayesema anataka "kulisikia kidogo tu" mwambie alisikie akiwa nje, wewe ukiwa kwenye kiti. Bei uliyoandika itaje mara moja. Wakikupa nusu yake, waulize kwa upole kama yupo kati yao mwenye mjomba, na kama mjomba huyo ameshanunua Noah.